Taimingi beti: Zungusha injini mara mbili kwa mkono kabla ya kupiga stata

Gari linapanda Kitonga likiwa limejaa abiria na mizigo. Lipo gia ya pili, injini inanguruma, na nyuma yake kuna lori. Ghafla mngurumo unakatika. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile haina kitu ndani, lakini haiwaki.

Fundi mzoefu akisikia stata ya namna hiyo, jambo la kwanza analolishuku ni taimingi beti kukatika.

Kwa anayeendesha kati ya Iringa na Mbeya, hilo linaumiza pande mbili. Kwanza ni usalama. Injini ikizima, breki hubaki na msaada wa kukanyagwa mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu, na usukani wa pawa unakuwa mzito. Pili ni mfuko, kwa sababu mkanda mmoja wa mpira unaweza kuondoka na valvu zote za injini.

Lakini kuna hasara nyingine inayokuja kimyakimya. Mkanda mpya umenunuliwa, fundi amelipwa, gari linawaka, ila halina nguvu kama zamani. Hapo huenda mkanda umefungwa vibaya kwa jino moja tu.

Makala haya yanaeleza mkanda huo unafanya nini, alama zake zinapangwaje, na kwa nini kuzungusha injini kwa mkono kwa dakika chache kabla ya kupiga stata kunaweza kuokoa injini nzima.

KWA KIFUPI

• Taimingi beti inaunganisha krenkishafti ya chini na kamshafti ya juu ili valvu zifunguke kwa wakati.

• Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja.

• Mkanda ukishafungwa, krenki izungushwe mizunguko miwili kamili kwa mkono. Alama zote zirudi mahali pake ndipo stata ipigwe.

• Injini ikigoma kuzunguka kwa mkono, usilazimishe. Kuna kitu kinagongana ndani.

KAZI YA MKANDA HUU NI NINI?

Ndani ya injini kuna shafti mbili zinazotakiwa kwenda pamoja muda wote.

Ya chini ni krenkishafti, ambayo mafundi wengi huiita krenki. Inaunganishwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Ya juu ni kamshafti, au kam. Inasukuma valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi.

Injini za magari mengi hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa, kubana, kuchoma na kutoa moshi. Kwa hatua zote nne pistoni inapanda mara mbili na kushuka mara mbili. Hiyo ni mizunguko miwili ya krenki. Katika muda huo huo kila valvu inatakiwa kufunguka mara moja tu, kwa hiyo kam inazunguka mara moja.

Ndiyo maana spoketi ya kam huwa na meno mara mbili ya spoketi ya krenki. Kama ya chini ina meno 24, ya juu ina 48.

Piga hesabu kidogo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde na kam mara 25. Kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 ndani ya sekunde moja. Anayehakikisha valvu hiyo imeondoka kabla pistoni haijafika juu ni huo mkanda wa mpira wenye meno.

Mkanda wa aina hii ulianza kuuzwa kwenye magari ya kawaida mwaka 1962, kwenye gari la Ujerumani lililoitwa Glas 1004. Ulipendwa kwa sababu ni mwepesi, hauhitaji oili na haupigi kelele kama cheni. Ubaya wake ni kwamba mpira una umri.

GARI LAKO LINA MKANDA AU CHENI?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu wapo wanaouziwa mkanda wakati gari lao lina cheni. Jibu lipo kwenye jina la injini, si kwenye jina la gari.

Kwa baadhi ya Toyota zinazoonekana sana barabarani, hali iko hivi:

Zenye mkanda:

• 5A-FE, 4A-FE na 7A-FE, za Corolla 110 na Carina za miaka ya 1990.

• 4E-FE na 5E-FE, za Starlet na Raum za kwanza.

• 3S-FE, ya RAV4 za kwanza na Noah za zamani.

• 1G-FE, ya Mark II za GX100 na GX110.

• 2L, 3L na 5L, dizeli za Hilux na Hiace.

• 1KZ-TE, dizeli ya Prado na Surf.

• 1HZ, dizeli ya Land Cruiser maarufu kwa jina la hadi topu.

• 1KD na 2KD, dizeli za Hilux kabla ya toleo lililoingia mwaka 2015.

Zenye cheni:

• 1NZ-FE, ya IST, Probox na nyinginezo za CC 1,500.

• 1ZZ-FE, ya Premio na Allion za CC 1,800.

• 1AZ na 2AZ, za RAV4, Noah na Harrier zilizofuata.

• 1GD na 2GD, za Hilux za kuanzia 2015.

Nje ya Toyota, Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 zina mkanda, wakati Nissan X-Trail yenye QR20 ina cheni.

Jina la injini huandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Piga picha kibati hicho ubaki nacho kwenye simu. Siku ya kununua spea, muuzaji atakuuliza.

UBADILISHWE LINI?

Dizeli nyingi za Toyota zina taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Kwa modeli nyingi za zamani inawaka kila kilomita 100,000, na kwa baadhi zilizofuata ni kilomita 150,000. Taa hiyo haijui hali ya mkanda. Inahesabu kilomita tu. Fundi akibadilisha mkanda anatakiwa kuiweka upya ianze kuhesabu tena, la sivyo itakuwa inakudanganya.

Kwa gari lililotumika Japani kabla ya kufika Dar es Salaam, namba ya kilomita si ya kuaminiwa moja kwa moja. Angalia stika kwenye kava la mkanda au ndani ya boneti. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Usipoiona, na hujui historia ya gari, salama zaidi ni kubadilisha mapema na kuanza hesabu yako mwenyewe.

Mkanda pia unaweza kufa kabla ya kilomita zake kwa sababu hizi:

• Oili inayovuja kwenye sili ya kam au ya krenki. Oili inalainisha mpira na meno yanaanza kung'oka.

• Maji yanayovuja kwenye wota pampu.

• Kava la mkanda lililopasuka au kuachwa bila kufungwa. Vumbi, matope na hata kokoto vinaingia ndani. Anayekwenda vijijini Mufindi au Kilolo msimu wa mvua anajua matope hayo.

• Umri. Mpira unakauka na kupasuka hata kama gari linakaa tu nyumbani.

UKIKATIKA, INJINI INAKUFA?

Inategemea injini.

Kuna injini ambazo pistoni ikiwa juu kabisa na valvu ikiwa imefunguka yote, havigusani. Mkanda ukikatika gari linazima tu. Unafunga mkanda mpya, unapanga alama, safari inaendelea. 5A-FE, 4A-FE, 7A-FE na 3S-FE zinajulikana kuwa za kundi hili.

Kundi la pili ni zile ambazo pistoni na valvu vinatumia nafasi moja kwa zamu. Zamu ikivurugika, pistoni inagonga valvu. Valvu zinapinda, wakati mwingine pistoni inatoboka, na silinda hedi lazima ifunguliwe. Dizeli ziko kundi hili, kwa sababu dizeli inabana hewa sana na nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno. EJ20 za kam mbili kila upande nazo zimo.

Kwa kundi la pili, si lazima mkanda ukatike ndipo uharibifu utokee. Ukifungwa vibaya kwa meno kadhaa, stata ya kwanza tu inatosha kupinda valvu. Hapo ndipo mizunguko miwili ya mkono inapookoa injini.

ALAMA ZIKO WAPI?

Injini nyingi zenye mkanda zina alama za kiwandani. Zinatofautiana, lakini kanuni ni moja: kuna alama kwenye kitu kinachozunguka, na nyingine kwenye mwili wa injini usiosogea. Zikitazamana, shafti ipo mahali pake.

Chini, spoketi ya krenki ina kitobo, mchongo au nukta inayotazamana na alama kwenye mwili wa pampu ya oili au bloku. Puli ya nje nayo ina mchongo unaosomwa kwenye namba za kava, ambapo sifuri ina maana pistoni namba moja ipo juu kabisa.

Juu, kwa injini kama 3S-FE, spoketi ya kam ina kitobo kidogo. Ukichungulia ndani yake unatakiwa kuona alama iliyo kwenye kepu ya kwanza ya kam. Injini hiyo ina kam mbili, lakini mkanda unavuta moja tu, na ya pili inavutwa na ya kwanza kwa giya za ndani.

Tahadhari mbili hapa.

Ya kwanza: puli ya nje ya krenki mara nyingi ina vipande viwili vilivyounganishwa kwa mpira. Mpira ukichoka, kipande cha nje kinateleza na mchongo wake unahama. Kwa hiyo alama ya kuaminiwa ni ile ya kwenye spoketi ya ndani.

Ya pili: kwa kuwa krenki inazunguka mara mbili wakati kam inazunguka mara moja, alama ya chini inaweza kutazamana vizuri huku kam ikiwa upande wa pili kabisa. Alama ya chini peke yake haitoshi. Zote zitazamane kwa wakati mmoja.

Ukitaka uhakika kuhusu pistoni namba moja, toa plagi yake, ingiza mrija wa soda wa plastiki kwenye tundu, kisha zungusha krenki taratibu kwa spana. Mrija utapanda, utasimama, halafu utaanza kushuka. Pale unaposimama ndipo juu kabisa. Usitumie bisibisi wala waya wa chuma, vinaweza kukwaruza silinda au kukwama.

HATUA KWA HATUA

Huu ni mpangilio wa jumla kwa injini ya petroli ya silinda nne. Kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho, hasa kwenye nguvu ya kukaza bolti.

1. Injini iwe ya baridi. Toa waya wa hasi wa betri ili mtu asipige stata kwa bahati mbaya.

2. Toa plagi zote. Injini itazunguka kirahisi kwa mkono, na utasikia mapema kama kuna kitu kinagonga.

3. Fungua feni beti, puli ya krenki na makava ya mkanda.

4. Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, zungusha krenki kufuata mishale ya saa ukiitazama kwa mbele, mpaka alama zote zitazamane. Injini chache huzunguka kinyume, hivyo hakiki kwanza. Usizungushe kwa kutumia bolti ya kam. Tumia bolti ya krenki.

5. Piga picha kwa simu. Moja ya krenki, moja ya kam, moja ya njia nzima ya mkanda. Picha ipigwe ukitazama alama uso kwa uso. Ukiipiga kwa pembeni, inaweza kuonyesha jino ambalo halipo.

6. Legeza tensheina na utoe mkanda. Kuanzia hapa, krenki na kam zisizungushwe ovyo. Kama kam imeruka na lazima irudishwe, kwanza sogeza krenki robo mzunguko kutoka kwenye alama ili pistoni zote nne ziwe katikati. Rudisha kam, kisha rudisha krenki kwa njia ile ile.

7. Kagua tensheina, aidla, wota pampu na sili. Zungusha kila beringi kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, ibadilishwe. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda wa kufungua, na sasa umeshafungua.

8. Vaa mkanda mpya kuanzia krenki. Panda nao upande usio na tensheina huku ukiuweka umevutika, upitishe kwenye kam, halafu malizia upande wa tensheina. Ulegevu wote ubaki upande huo wa mwisho. Mkanda wenye mshale ufuate mzunguko wa injini. Usiukunje, usiusokote, usiulazimishe kwa bisibisi.

9. Achia tensheina ivute mkanda kama kitabu kinavyoelekeza.

10. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono, taratibu, kufuata mishale ya saa. Simama alama zinapotazamana. Angalia zote upya.

11. Zikiwa sawa, kaza bolti ya tensheina kwa kipimo, rudisha makava na puli. Bolti ya krenki ikazwe kwa spana inayopima nguvu, si kwa kukadiria.

KWA NINI MIZUNGUKO MIWILI, SI MMOJA?

Kwa sababu kam inamaliza mzunguko wake mmoja pale krenki inapomaliza miwili. Ukizungusha mara moja tu, kam ipo nusu ya safari na alama yake ipo upande wa pili. Miwili inaupitisha mkanda katika kila hali, inaondoa ulegevu uliojificha, na inaipa tensheina nafasi ya kukaa sawa.

Kuna jambo linalowachanganya mafundi wanaoanza. Mikanda mingi mipya inakuja na mistari ya rangi inayotazamana na alama za spoketi wakati wa kufunga. Baada ya mizunguko miwili, mistari hiyo haitatazamana tena. Hilo si kosa. Idadi ya meno ya mkanda haigawanyiki sawasawa na ya spoketi, hivyo mistari inahama na itachukua mizunguko mingi kurudi. Kinachotakiwa kurudi ni alama za spoketi.

Wakati wa kuzungusha, sikiliza mkono wako. Plagi zikiwa nje, injini inakwenda kwa ulaini, ikiwa na vikwazo vidogo pale kam inaposukuma springi za valvu. Ukikutana na kizuizi kigumu cha ghafla, chuma kwa chuma, simama. Hiyo ni valvu inagusa pistoni. Kwa mkono wa taratibu huenda hakuna kilichoharibika. Kwa stata, zingepinda.

JINO MOJA LIKIKOSEWA, MLIMA UNALAUMIWA

Tuseme spoketi ya krenki ina meno 24. Mzunguko mmoja ni digrii 360, kwa hiyo jino moja ni digrii 15. Kwa kulinganisha, cheche ya 3S-FE na 5A-FE zenye distributa inatakiwa kuanza digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu gari likiwa sailensi. Kosa la jino moja ni kubwa kuliko kipimo chenyewe.

Injini iliyokosewa jino moja mara nyingi bado inawaka. Ndiyo maana kosa hili linaishi muda mrefu. Dalili zake ni hizi:

• Inawaka kwa shida, hasa asubuhi ya baridi.

• Inatetemeka ikiwa sailensi.

• Inakunywa mafuta kuliko zamani.

• Inapiga mlio kama risasi kwenye ingizo la hewa au egizosi.

• Inakosa nguvu kwenye mwinuko.

• Taa ya injini inawaka kwenye baadhi ya magari.

Hapa Nyanda za Juu Kusini kuna mtego wake. Mbeya mjini ipo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza sehemu ya nguvu zake. Madereva wanalijua hilo. Kwa hiyo gari likilegea Kitonga au Mlima Nyoka, jibu la haraka ni kwamba ni mlima, au ni mzigo, au ni mafuta machafu.

Kipimo chepesi ni kulinganisha. Kama wiki iliyopita gari lilipanda mlima ule ule, kwa mzigo ule ule, bila shida, na limelegea baada ya kubadilishwa mkanda, basi mlima haujabadilika. Kilichobadilika ni mkanda. Rudi gereji, kava lifunguliwe, alama ziangaliwe kabla ya kununua plagi, pampu ya mafuta au kitu kingine chochote.

Kwa injini zenye distributa, fundi pia apime cheche kwa taa ya taimingi baada ya kufunga. Asitumie distributa kufidia jino lililokosewa. Injini inaweza kutulia ikiwa sailensi, lakini valvu zitabaki zinafunguka wakati usio wake.

DIZELI: KUNA KITU CHA TATU

Kwenye petroli unalinganisha krenki na kam. Kwenye dizeli nyingi zenye mkanda, kama 2L, 3L na 5L, mkanda huo huo unazungusha pia pampu ya dizeli. Nayo ina alama yake. Zinakuwa alama tatu, na zote zitazamane kwa pamoja.

Spoketi ya pampu ina tabia ya kuruka kidogo mkanda unapotolewa, kwa sababu ndani kuna springi inayoisukuma. Ikirushwa jino moja, dizeli inaingia mapema au inachelewa. Ikiingia mapema injini inagonga kwa ukali. Ikichelewa inatoa moshi mwingi na kukosa nguvu.

Baadhi ya dizeli, ikiwemo 1KZ, zina tensheina ya oili inayobanwa taratibu kwenye vaisi kisha kushikiliwa kwa pini mpaka mkanda uvae. Ikibanwa kwa haraka au kwa nyundo, sili yake inakufa na mkanda utalegea baadaye, pengine kilomita mia kadhaa kutoka gereji.

KABLA HUJAMKABIDHI FUNDI GARI

Huhitaji kuwa fundi ili kulinda injini yako. Maneno machache yanatosha, na yasemwe kwa heshima kabla kazi haijaanza:

"Fundi, naomba kabla ya kupiga stata tuzungushe kwa mkono mara mbili, niangalie alama na mimi."

Fundi anayejua kazi yake hatachukia. Wengi wanafanya hivyo hata bila kuambiwa. Anayejibu kwamba hakuna haja, yeye amezoea, amekupa jibu la kukufanya ufikirie.

Maswali mengine ya kuuliza:

• Utabadilisha tensheina na aidla, au mkanda peke yake?

• Sili za mbele zinavuja?

• Mkanda huu ni wa injini yangu kwa namba, au umelinganishwa kwa macho? Mikanda miwili inaweza kufanana urefu lakini ikatofautiana meno.

• Nitapata mkanda wa zamani nikauone?

Kagua mkanda mpya mwenyewe. Uwe na namba inayosomeka, meno yasiyo na mikwaruzo, na usiwe umekunjwa kwa nguvu ndani ya boksi. Mkanda wa mtumba usiufikirie kabisa.

Kwa fundi aliyejifunza mtaani, VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ina vyuo Mbeya na Iringa. Cheti hakikazi bolti, lakini mafunzo ya kusoma vipimo na vitabu vya injini yanapunguza kazi ya kukisia.

UKIKATIKIWA NJIANI

Injini ikizima ghafla mlimani, kanyaga breki mara moja na uishikilie, usiipampu. Funga hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, washa taa za hatari na uweke pembetatu mbali vya kutosha ili lori linalopanda likuone.

Piga stata mara moja tu kwa sekunde chache. Kama injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida na haiwaki, acha. Usipige tena na tena. Usikubali pia kuvutwa kwa kamba ili gari liwashwe kwa gia. Kwa injini ambayo valvu na pistoni vinagongana, kila mzunguko wa ziada unaweza kuongeza valvu nyingine kwenye hasara.

Kwa mwenye Hiace, gari lililolala gereji ni hesabu iliyokatika. Kwa aliyepakia viazi, ni mzigo unaoharibika barabarani. Ndiyo maana tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ndani ya boneti, na zipigwe picha. Atakayelifungua kava hilo safari ijayo, awe wewe au mtu mwingine, ataanzia kwenye ukweli.